Mbegu Tuliyoikoboa ya Bonde la Mwamtsumi

Mbegu yote ya mpunga ya bonde la Mwamtsumi tuliikoboa kwa siku moja. Tulianza saa nne za asubuhi, tukamaliza kabla ya adhana ya alasiri, kwenye mashine moja kando ya barabara kuu ya Msambweni. Yalikuwa magunia kumi na tisa. Hatukushikiwa bunduki. Palikuwa na mizani, daftari, kalamu mbili na mimi, afisa wa kilimo, nikiandika uzito kwa mwandiko mzuri. Jioni mchele ule ulikuwa umekwisha kugawiwa shule tatu, na mchana wa pili yake watoto wakaula.

Nimestaafu majuzi. Vijana wa ofisini waliniandalia chakula, wakaniomba niwaandikie niliyojifunza kazini. Nadhani walitaraji maneno matamu. Ninayo machache, na nitayatoa siku nyingine mkinialika chai. Lakini kila nikiketi kuandika, mkono unakwenda wenyewe Mwamtsumi, na hasira niliyodhani imepoa naikuta ingali na moto. Basi nitaieleza kwa mpangilio, kama nilivyozoea kuandika ripoti.

Nilihamishiwa Msambweni mwaka 1996 kutoka Taita, kwetu milimani. Nilikuja na cheti, buti mpya za mpira na imani kwamba mkulima ni mtu anayengoja kuelezwa. Siku ya kwanza nilikabidhiwa kwa Mzee Kassim, msaidizi wa kilimo, Mdigo mzaliwa wa pale, aliyekuwa amebakiza miaka miwili kustaafu. Alikuwa na baiskeli, mizani ya kuning'iniza, na kamba ya kupimia aliyoifunga fundo kila baada ya mita tano. Kamba ile ilikuwa sahihi kuliko utepe wa serikali, ambao ulikuwa umekatika mwanzoni na hakuna aliyejua umekatika kiasi gani.

Njiani alinipa wasia mmoja. "Ukifika kwenye mpunga," alisema, "usiulize shamba ni la nani. Uliza mbegu ni ya nani."

Sikumwelewa, na sikuuliza maana yake. Fomu zetu zilikuwa na nafasi ya mwenye shamba, nasi tuliijaza kwa majina ya wanaume, mume au kaka. Nikawasajili wakulima wa mpunga ambao hawakupata kutia mguu katika tope hilo. Mmoja wao alikuwa mhudumu wa mezani katika hoteli ya Diani na hakuwa ameonekana nyumbani tangu Idi. Kwenye daftari langu alikuwa mkulima wa mfano.

Bondeni walikuwa wanawake tu. Majaruba, yaani vile vipande vya mpunga vilivyozungushiwa matuta, hurithiwa na binti kutoka kwa mama, na mbegu vilevile. Nilipoingia, mguu wangu wa kulia ulizama, nikauvuta, ukatoka bila buti. Mwanamke mmoja mwembamba, aliyenizidi miaka kama kumi, aliacha kung'oa magugu akanitazama.

"Bi Kilimo," alisema, "hizo ni buti za shamba au za harusi?"

Wakacheka wote, na mimi nikacheka kwa kuchelewa. Huyo ndiye Mwanamishi, aliyeitwa Bi Mishi. Aliiopoa buti yangu, akamwaga maji, akaitundika juu ya mti wa kutishia ndege. Ilikaa pale msimu mzima.

Nilijifunza mengi kwa Bi Mishi, na karibu yote niliyaandika vibaya. Alikuwa na mbegu tatu. Kitumbo aliipanda juu, penye maji haba, kwa kuwa iliwahi kuiva na kulisha nyumba huku nyingine zikingojewa. Madevu ilikaa upande wa vichaka, kwani suke lake lina nywele ngumu na ndege hulikwepa. Ringa ilikaa chini kabisa, karibu na kijito. Maji yakipanda, nayo hupanda. Nimeipima kwa kamba ya Mzee Kassim ikiwa imenipita kimo, mizizi yake ikiwa chini ya maji ya kiunoni. Alivuna suke moja moja, kwa kisu kidogo alichokificha kiganjani, akafunga vicha, akavipandisha kwenye uchaga juu ya meko, moshi uvifukize. Mdudu hagusi mbegu iliyokula moshi.

Nilihesabu saa zake za kuvuna, nikaandika ripoti kwamba uvunaji huu unapoteza wakati. Sikuandika kwamba kwa kuvuna suke moja moja alikuwa anachagua mbegu ya mwaka ujao palepale alipokuwa akivuna, kazi ambayo sisi tulijenga kituo kizima na kuajiri watu ili kuifanya.

Kulikuwa na desturi moja, nayo ndiyo kiini cha habari hii. Hakuna mwanamke wa bonde lile aliyeweka mbegu yake yote chini ya paa lake. Akishavuna, sehemu humpelekea jirani au dada, na huyo naye humletea yake. Unayepelekewa huulizi kitu. Unaipandisha kwenye uchaga wako, unaitunza kama yako, na mvua zikikaribia mwenyewe huja na kapu lake akaichukua. Nyumba moja ikiungua, mbegu haifi. Anayekuja kuchukua haombi, na anayetoa hashukuriwi. Nililiona hilo kwa macho yangu. Katika daftari nililiandika kwa neno moja: kuazimana. Nikapiga mstari chini, nikaridhika.

Mwishoni mwa 1997 zikaja zile mvua kubwa ambazo kila mtu wa pwani anazikumbuka. Zilinyesha hadi mwaka mpya. Majiko yalibomoka, mapaa ya makuti yakaoza, meko yakakaa wiki bila moto. Wanawake walibeba mbegu kichwani kutoka nyumba mbovu kwenda nyumba iliyo afadhali, na baada ya siku chache ile afadhali nayo ikawa mbovu. Msambweni kulibaki mapaa machache yasiyovuja. Mojawapo lilikuwa la ofisi yetu, la mabati.

Kabla ya masika ya 1998 ukaja mradi. Wafadhili walikuwa na malori ya mbegu ya kisasa kwa waliokumbwa na mafuriko, bure. Sharti lilikuwa moja: mkulima alete mbegu yake ya zamani, apewe mpya kilo kwa kilo, ili mbegu duni isichanganyike na bora. Neno duni lilikuwa limeandikwa kwenye waraka. Aliyeliandika hakuwa amefika Mwamtsumi. Mimi nilikuwa nimefika, nikausoma waraka ule kwa sauti barazani pasipo kukwama.

Mkuu wetu alisimama akasema leteni mbegu zenu, serikali itazipokea. Hakusema zitakwenda wapi. Nami sikusema, kwa sababu sikudhani kuna wa kuuliza. Wanawake walinong'onezana kidogo, wakaondoka. Nilitarajia ubishi. Badala yake, asubuhi iliyofuata walikuwa wamepanga foleni tangu saa moja, wote, na mbegu yote, imepepetwa safi. Katika ripoti nilisifu mwamko mkubwa wa wakulima.

Bi Mishi alileta mafungu matatu mbalimbali, kila moja limefungwa kwa kitambaa chake. Alinikabidhi la Ringa mkononi, hakulitia kwenye mizani.

"Hii isilale chini," alisema. "Iweke juu, na moshi uifikie. Na isikae pamoja na Madevu."

"Sawa, Bi Mishi," nikasema, nikalipima, nikaandika kilo.

Nimesema maneno mengi ya kijinga kazini, lakini hilo sawa ndilo ninalolisikia hadi leo. Nilidhani anaongea tu, kama watu wanavyoongea wakitua mzigo. Alikuwa ananipa maelekezo. Wanawake wale walikuwa wamelitazama bonde zima, wakaona hakuna uchaga mkavu uliobaki, wakaona paa la mabati. Basi walifanya walichokuwa wakifanya siku zote: walipeleka mbegu kwa jirani mwenye paa zima, wakapokea yake waipande na kuitunza hadi mavuno, ndipo warudishiane. Jirani huyo alikuwa sisi.

Tulikwenda mashineni siku ileile. Mzee Kassim alishika midomo ya magunia. Hakusema kitu kutwa nzima, nikadhani ni mgongo unamsumbua. Kitu kimoja nilikifanya sawasawa, na nilikifanya kwa mazoea ya chuoni, si kwa akili: kabla mbegu haijamwagwa nilichota konzi moja ya kila aina, nikatia katika bahasha za kaki, nikaandika majina. Aina zilikuwa saba. Wiki ileile nikazituma bara, kwenye ghala la kuhifadhi mbegu, pamoja na fomu. Fomu ilitaka jina la mtoaji na namba ya kitambulisho. Wanawake hawakuwapo, mimi nilikuwapo. Nikaandika jina langu.

Ile mbegu bora ilikuwa fupi. Ilizalishwa kwa ajili ya mashamba ya umwagiliaji, ambako mtu hufungua na kufunga maji apendavyo. Mwamtsumi maji hayana mfereji wala kufuli. Masika yalipokolea, mpunga wa chini ulizama kwa siku tisa ukaoza. Wa juu ulistahimili, ukaiva wote kwa pamoja, hauna nywele, na ndege wakaujia kama walioalikwa. Nilikwenda na daftari nikapima kilichobaki. Nilipomaliza nililifunga daftari, nikalitia mkobani, na sikumpa mtu takwimu zile.

Siku chache baada ya mavuno yale, wanawake kumi na mmoja walikuja ofisini, Bi Mishi mbele. Kila mmoja alikuwa na kapu.

"Hujambo, Bi Kilimo?"

"Sijambo, Bi Mishi. Karibuni, ketini."

"Tumekaribia, lakini hatukai. Tumekuja kuchukua mbegu zetu. Zenu tumewaletea, hizo zilizosalimika." Akaweka mezani kifuko cha ile mbegu fupi, kimefungwa vizuri. "Mtusamehe, nyingi zimekufa maji. Tulijitahidi."

Walikuwa wanatuomba radhi wao. Nataka nyinyi mnaoanza kazi mlisome hilo mara mbili.

Nikauliza, kwa upumbavu, mbegu gani.

"Ringa yangu. Niliyokwambia isilale chini."

Nilikwenda kumwita mkuu. Alitoka akitabasamu, akawaeleza kwamba mbegu zile zilikobolewa zamani, watoto wa shule wakala, hivyo wahesabu kuwa wametoa sadaka na thawabu wataipata. Mwanamke mmoja aliketi sakafuni. Bi Mishi hakupandisha sauti.

"Mliila?"

"Si sisi, mama. Wanafunzi."

"Mliila mbegu." Alimtazama yeye, kisha akanitazama mimi kwa muda mrefu zaidi. "Hata panya hubakisha."

Wakatoka. Makapu ya watu kumi na mmoja yakiwa tupu hayana sauti, lakini mlango ule mwembamba yaliupita moja moja, mkuu wetu akiyatazama. Aliporudi ndani alisema kina mama hawa hawaelewi mradi.

Nilimfuata Mzee Kassim uani, akiwa anatia upepo gurudumu la baiskeli. Nikamuuliza kama alijua wale wanawake walikuwa wanadhani tunawawekea.

"Nilijua," akasema.

"Mbona hukusema?"

"Hukuniuliza. Na wenye malori hawakuniuliza." Akaendelea kutia upepo. "Nikisema mbele ya wageni, ningeambiwa mzee ameanza kuchanganyikiwa. Nina miezi mitatu tu hapa, mwanangu."

Alistaafu, akapewa saa ya ukutani. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi. Kila nilichojua kuhusu udongo wa pwani nilikipata kwake. Nilikwenda mazikoni kwake miaka mingi baadaye nikalia. Lakini sikumsamehe ile miezi mitatu, kama ambavyo sijajisamehe lile sawa. Yeye alijua akanyamaza, mimi sikujua nikasema. Chagueni wenyewe lipi ni baya zaidi.

Niliandika ghalani kuomba zile bahasha. Wakajibu kwamba konzi moja ni kidogo mno kugawa, hadi izalishwe kwanza, na uzalishaji haujapangiwa wakati. Nikaandika tena. Nilipoandika mara ya tatu, mkuu aliniita akaniuliza kama nina nia ya kuiumbua ofisi. Mwaka 1999 nikahamishiwa Mackinnon Road, ambako mpunga huonekana kwenye sahani tu. Huko nilihudumia mbuzi na watu wema, na barua ya nne sikuiandika. Naweza kutaja sababu, watoto wadogo, kazi mpya, umbali. Ukweli ni kwamba ilikuwa raha kutoonana na Bi Mishi.

Bonde likafanya linalofanywa na bonde lisilopandwa. Mafunjo yalijaa. Wanawake walihangaika, waliokuwa na jamaa Lunga Lunga walikwenda kutafuta, na baada ya misimu kadhaa wakapata Madevu, kisha Kitumbo. Ringa hawakuipata popote. Upande wa chini ukabaki mtupu. Na majaruba yakishakaa bila mpunga, wanaume ambao kwenye fomu zangu walikuwa ndio wenye mashamba waligundua kwamba kumbe wana mashamba. Sitasema fomu zangu ndizo zilizouza bonde. Nasema tu kwamba mnunuzi wa kwanza alipokuja kutafuta ushahidi wa nani mwenye nini, ofisi ilikuwa na daftari moja la kumwonyesha, na mwandiko ulikuwa wangu. Leo upande wa juu una ukuta. Bi Mishi, ambaye kaka yake aliuza, amebakiwa na ukanda mmoja kando ya kijito, penye maji ya kiunoni. Mpunga wowote mwingine ukipandwa hapo, huzama. Amejaribu kila mwaka.

Nilirudishwa pwani mwishoni mwa utumishi wangu, nikakuta lugha imebadilika. Kilichokuwa duni sasa kilikuwa urithi. Mwaka jana tulialikwa Diani, katika ukumbi wa hoteli wenye baridi ya kutetemesha, kwenye mkutano wa kuhifadhi kilimo cha asili kama urithi hai. Yalisemwa mengi mazuri na mimi niliyasadiki yote. Chakula cha mchana kilikuwa wali, mchele umetoka ng'ambo ya bahari, niliuliza jikoni. Na wakulima wachache walikuwa wameombwa waje na mbegu zao za jadi zipangwe kwenye meza ya maonyesho.

Bi Mishi alikuwa miongoni mwao. Amezeeka, lakini wembamba ni uleule. Aliweka mezani kapu tupu, akaketi nyuma yake. Binti wa kutoka Nairobi, mwandalizi, alikuja mbio na kamera.

"Mama, shikamoo. Tuwekee basi zile mbegu za kienyeji, ndio tupige picha poa."

"Marahaba, mwanangu. Piga tu."

"Lakini mama, kapu iko empty. Mbegu ziko wapi?"

Bi Mishi akainua kidole, akanionyesha mimi, niliyekuwa nimeketi mstari wa mbele na kitambulisho cha mjumbe kifuani.

"Muulize Bi Kilimo. Ndiye aliyepokea."

Ukumbi ulicheka kidogo, wakidhani ni utani wa wazee. Binti akanigeukia akitabasamu. Nilisimama nikaeleza yote, mbele ya mabango, kama nilivyoyaeleza hapa, ila kwa ufupi na kwa sauti mbaya. Nilipomaliza, mwenyekiti alinishukuru kwa mchango wangu, akatangaza chai.

Pale kwenye chai Bi Mishi alinijia. Sikuomba msamaha, niliona msamaha ungekuwa kitu kingine ninachomwomba. Nilimwambia habari za zile bahasha saba. Hakuwa amezijua, miaka yote ile sikuwahi kumwambia.

"Ringa imo?"

"Imo. Konzi moja."

"Itaota?"

"Sijui, Bi Mishi."

"Basi ilete tuone. Nina binti ana mgongo wa kazi, mimi nina miaka michache. Usiniletee barua. Niletee mbegu."

Nimeandika tena ghalani. Safari hii walijibu upesi, kwa adabu, na habari nzuri: bahasha zote saba zimo, katika baridi. Ringa haijapata kupimwa uotaji. Sheria yao inaruhusu kumrudishia mbegu aliyeitoa, au mtu atakayetajwa naye, akijaza fomu na kugongewa muhuri na ofisi yake. Mtoaji ni mimi. Ofisi sina tena, nimestaafu. Nilijaza fomu, nikalikata jina langu kwenye nafasi ya mtoaji nikaandika la Bi Mishi, kwa kuwa ndio ukweli. Ikarudishwa: kumbukumbu hazikubali jina lililokatwa, na Mwanamishi wa Mwamtsumi hayumo katika kumbukumbu zao.

Nimeituma ya pili, kwa jina langu, muhuri nimeuomba kwa vijana walioniandalia chakula. Wameniambia wanatafuta aliye na mamlaka ya kuugonga. Bi Mishi amekwisha kuutifua ukanda wake wa chini, na masika yameanza kunyesha tangu Jumanne.